LALAMIKO LIKIKUBALIWA, KAZI NDIYO KWANZA YAANZA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la kisiwani, Mombasa)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Hizo tutazirudia wakati wake ukifika. Twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni lalamiko. Hatusemi lile la barazani, ambalo huanza na kahawa na kuisha na kahawa. Twasema lile lililoandikwa, likapelekwa ofisini, likachunguzwa, na mwishowe ofisi yenyewe ikakiri kwamba mlalamikaji alisema kweli. Swali letu ni hili: baada ya kukiri, kunafuata nini?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja akaaye Kibokoni, katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mtaro ulio mbele ya mlango wake umeziba, maji machafu yamesimama, na watoto huyaruka wakienda chuoni. Mama anakwenda ofisini, anaambiwa arudi kesho. Anarudi, anaambiwa mwenye shughuli hiyo hayupo. Mara ya tatu anaandika barua na kuweka nakala yake. Afisa anakuja, anaziba pua, anaandika katika kitabu chake: "Lalamiko ni la kweli." Kesho yake wanakuja watu wawili na makoleo, mtaro unazibuliwa, mama anashukuru, na faili linafungwa.

Mvua za masika zikianza, mtaro unaziba tena. Safari hii si mlango wa mama yule peke yake, bali kichochoro kizima. Na katika nyumba ya nne yumo mzee ambaye hajui kuandika barua, wala hana wa kumwandikia.

Je, mama yule alishinda? Alishinda siku moja. Ofisi ilijibu lalamiko lake, lakini haikujifunza kitu. Kujibu ni jambo moja, kujifunza ni jambo jingine, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyotuleta hapa leo.

Ndugu, sisi wafanya kazi wa Mombasa twaijua tofauti hiyo kuliko watu wengine, kwa kuwa wazee wetu waliilipia kwa njaa. Mwezi wa Julai na Agosti 1939 wafanya kazi wa mji huu waligoma. Walianza watu wa idara ya ujenzi ya serikali, wakafuatwa na wengine hata makuli wa bandarini. Walilia juu ya mishahara, na zaidi juu ya nyumba: vyumba vilikuwa haba, kodi ilikuwa juu, watu walilala wamebanana. Serikali ikaunda tume chini ya Bwana Willan ichunguze. Tume ikasikiliza ushahidi, na jawabu lake likawa kwamba kilio cha nyumba kilikuwa cha kweli.

Basi mngedhani shida ilikwisha. Haikwisha. Mwaka 1945 ilibidi kamati nyingine, ya Bwana Phillips, ichunguze tena kwa nini wafanya kazi wa Mombasa hawatulii. Ikaona kwamba gharama za maisha zilikuwa zimepanda na mshahara haukutosha, na kwamba hapa mjini palikuwa pamezaliwa watu ambao maisha yao yote ni kazi ya mshahara. Hata hivyo karatasi zikawekwa juu ya karatasi.

Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu kama 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na mgomo ukaenda siku kumi na mbili. Serikali ikaleta baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker, na mishahara ya wafanya kazi wengi ikapandishwa. Kwa mara nyingine walalamikaji walionekana wamesema kweli. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa, akapelekwa Kabarnet na kuzuiliwa huko miaka kumi hivi. Na mwezi wa Machi 1955 makuli waligoma tena. Ndipo Tom Mboya alipokuja kusaidia katika mazungumzo, nao wakapata nyongeza ya mshahara.

Hesabuni wenyewe. Mwaka 1939 lalamiko lilikubaliwa. Mwaka 1945 likakubaliwa. Mwaka 1947 likakubaliwa. Kila mara alitolewa mwenye kutulizwa akatulizwa, na kila mara chanzo kikabaki: nyumba haba, na kazi ya kibarua ya leo ipo kesho haipo. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mji huu ufa ulionyeshwa mara tatu, ukaandikwa katika vitabu, ukapigiwa chapa. Na ukuta ukaanguka mara tatu.

Kwa hiyo twasema hivi: lalamiko lililokubaliwa ni deni. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halilipwi kwa kumridhisha mlalamikaji mmoja. Hulipwa kwa kuondoa kile kilichomfanya alalamike, ili jirani yake asije akalia kilio kile kile.

Sasa mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2013 mabaraza ya zamani ya manispaa hayapo tena, na kazi zake zimeshikwa na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kwa Katiba ya mwaka 2010, taka, mitaro, maji, masoko, taa za barabarani, barabara za kaunti, zahanati na nyumba ni mambo ya kaunti. Sheria nazo zimetupa silaha ambazo wazee wa Kiwanja cha Maskini hawakuwa nazo, na ni aibu kuziacha zipate kutu.

Ya kwanza: Ibara ya 47 ya Katiba yasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi ya serikali kwa haki na kwa haraka, na akidhuriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Ya pili: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa raia haki ya kuiandikia kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake, nayo kaunti yalazimika kujibu upesi.

Ya tatu: iko tume ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo watu wengi huiita Ombudsman. Kazi yake ni kuchunguza malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma. Haitozi kitu, na lalamiko laweza kupelekwa kwa maandishi au hata kwa mdomo. Ofisi ikipuuza mapendekezo yake, tume yaweza kupeleka taarifa Bungeni.

Ya nne, ambayo wengi hamuijui: Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia yeyote aweza kuomba karatasi za ofisi ya umma, na ofisi yapaswa kumjibu katika siku 21. Maana yake ni kwamba twaweza kuuliza: mwaka jana mlipata malalamiko mangapi ya mitaro katika wadi ya Mji wa Kale na Makadara? Mangapi mliona ni ya kweli? Mlibadilisha nini?

Hilo swali la mwisho ndilo kubwa. Mambo haya si mageni duniani. Jirani zetu wa Tanzania waliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ikaanza kazi mwaka 1966, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ili mwananchi wa kawaida aweze kuwashitaki wenye madaraka bila kuajiri wakili. Na huko Uingereza, tangu mwaka 1974, wako makamishna wa malalamiko dhidi ya mabaraza ya miji na wilaya. Lalamiko likithibitika, kamishna huweza kuliambia baraza mambo mawili: kwanza, mtengenezeeni huyu aliyeumia; pili, rekebisheni namna mnavyofanya kazi, ili wengine wasiumie. Jambo hilo la pili ndilo tulitakalo hapa Mombasa.

Lakini tusikubali kudanganywa kwa kuhamisha shida na kuiita kuiponya. Mnakumbuka jaa la Kibarani, pale uvukapo Makupa. Miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale ufukoni, na kila aingiaye kisiwani alikaribishwa na harufu na moshi. Watu walilalamika, na mwaka 2018 jaa likafungwa, mahali pakaanza kusafishwa. Hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Lakini taka hazikutoweka. Zilipelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, na Mwakirunge nako kuna watu na pua zao. Ofisi iliyojifunza haiulizi tu, "Tuzitupe wapi?" Huuliza pia, "Kwa nini ni nyingi hivi, nani azitenge, nani azichukue, na kwa gari gani?"

Sasa, Ndugu, twafika mahali pagumu, na lazima tuseme bila kuficha. Wengi wenu mliokaa hapa mwafanya kazi katika ofisi hizo hizo zinazolalamikiwa. Mnafagia barabara, mnaendesha magari ya taka, mnazibua mitaro, mnakaa kwenye madirisha ya malipo. Jioni mnarudi nyumbani Majengo au Kuze, na mtaro wa mlangoni kwenu umeziba. Sisi tuko pande zote mbili za meza.

Twajua hofu yenu. Lalamiko likikubaliwa, mara nyingi hutafutwa mtu wa kuadhibiwa, na mtu huyo huwa yule wa chini kabisa. Tuseme gari la taka halikupita Bondeni wiki tatu. Uchunguzi unafanywa, lalamiko linaonekana la kweli, na dereva anaandikiwa barua ya onyo. Hakuna aliyeuliza kwamba gari lilikuwa bovu; kwamba dereva alitoa taarifa; kwamba spea iliombwa na karatasi ya kuiomba ikalala juu ya meza ya mkubwa. Dereva ameonywa, gari bado ni bovu, Bondeni bado kunanuka. Hapo hakuna aliyejifunza ila dereva, naye amejifunza kunyamaza tu.

Huo ndio ubaya mkubwa wa kutafuta wa kulaumiwa badala ya kutafuta chanzo. Mfanya kazi mwenye hofu huficha kosa, na kosa lililofichwa haliponi. Kwa hiyo chama hiki hakitasimama dhidi ya walalamikaji. Walalamikaji ni mama zetu na majirani zetu. Kitasimama dhidi ya uchunguzi unaoishia kwa mfagiaji.

Wala hatusemi mwanachama mzembe ajifiche nyuma ya chama. Mwenye kuomba rushwa dirishani, au kumwambia mzee "njoo kesho" ili apate kwenda kunywa chai, anatuaibisha sote, nasi hatutamtetea kwa uongo. Lakini na aonyeshwe kosa lake, asikizwe, na mkubwa wake naye aulizwe: alipewa vifaa? Alifundishwa? Watu walikuwa wangapi kwa kazi ile?

Basi twaleta mbele yenu mambo manne tuyapeleke kwa kaunti kwa sauti moja.

1. Kila idara iwe na daftari la malalamiko, na kila mlalamikaji apewe nambari na tarehe ya kujibiwa.

2. Lalamiko likikubaliwa, pasiandikwe tu "limeshughulikiwa." Paandikwe chanzo chake, na jambo lililobadilishwa ili lisirudi.

3. Kila miezi mitatu hesabu hiyo ibandikwe ukutani katika kila wadi, kwa Kiswahili, pasipo majina ya walalamikaji. Mtaro uliolalamikiwa mara tano usionekane kama malalamiko matano. Ni lalamiko moja ambalo halikusikizwa mara nne.

4. Katika kila uchunguzi, mfanya kazi wa chini aitwe atoe maelezo yake akiwa na mjumbe wa chama, wala asiadhibiwe kwa kusema kweli juu ya vifaa vibovu.

Nanyi pia mna wajibu. Andikeni. Wekeni nakala. Andikeni tarehe, mahali, na jina la ofisi mliyokwenda. Asiyejua kuandika aje kwa mjumbe wa tawi aandikiwe, bila malipo. Na lalamiko lenu likikubaliwa msikimbilie kushukuru na kwenda zenu. Shukuruni, kisha ulizeni: na jirani yangu je?

Wazee wetu wa mwaka 1947 hawakuwa na tume ya kupelekea lalamiko bila malipo, wala sheria ya kuomba karatasi. Walikuwa na uwanja, sauti na umoja. Sisi tunavyo hivyo, na sheria juu yake. Tukishindwa kuifanya ofisi ijifunze, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na asimame aulize. Umoja ni nguvu.

Wasalaam.