Mikono Iko Huru, Akili Je?

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya redio ya gari. Sizungumzii vipindi vinavyotoka ndani yake, nazungumzia chombo chenyewe, lile sanduku lililochomekwa katikati ya dashibodi. Ukipita kwa mafundi umeme wa magari hapa Morogoro utakuta dashibodi imefunguliwa, nyaya zinaning'inia na fundi amejikunja chini ya usukani. Mara nyingi kazi ni moja: kutoa redio ya zamani na kuweka mpya inayoshirikiana na simu ya mkononi, ili dereva apokee simu bila kuishika.

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili. Je, badiliko hilo linatupa usalama, au linatupa kibali cha kuzungumza zaidi? Nitalijibu, lakini kwanza tukielewe chombo chenyewe, maana wengi wanakinunua bila kukifahamu.

Magari yetu mengi ni mitumba ya kutoka Japani. Gari lililoundwa miaka 20 iliyopita lilitoka kiwandani na redio iliyokusudiwa Wajapani. Kwa miaka mingi masafa ya FM kule Japani yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio hiyo hukamata kile kipande kidogo tu ambacho masafa ya nchi hizi mbili yanakutana. Maandishi yake ni ya Kijapani, na mara nyingi ramani iliyomo ni ya Tokyo, haijui Kihonda wala Mwembesongo. Mwenye gari akitaka kuibadili, siwezi kumlaumu.

Teknolojia inayounganisha simu na redio mpya inaitwa Bluetooth. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden, waliotaka vyombo vizungumze kwa karibu bila waya. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaunda umoja wa kuiendeleza. Jina walilichukua kwa mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifika kwa kuunganisha watu wake na kupewa lakabu yenye maana ya jino la buluu. Ni mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo, yanayotosha kufika mita 10 hivi, yaani kutoka mfukoni mwako hadi kwenye dashibodi na ziada.

Mwenye gari kuukuu ana njia tatu. Ya kwanza na iliyo rahisi ni kile kidude kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Kinapokea sauti kutoka kwenye simu, kisha kinairusha kama stesheni ndogo ya FM, nayo redio ya gari inaikamata. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kama redio yako bado ni ile ya Kijapani, ni lazima kidude hicho ukiweke kati ya 87.5 na 90, la sivyo utazungusha hadi jua lizame. Na uchague mahali pasipo na stesheni, kwani ukipanda stesheni ya mwenzio mazungumzo yako yatachanganyika na mahubiri au muziki.

Njia ya pili ni kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la sauti la redio, kama redio ina tundu hilo. Hapa uliza vizuri kabla ya kutoa fedha. Vipo vinavyopiga muziki tu, havina maiki, na havikukusudiwa kupokea simu. Mtu ananunua, anarudi nyumbani, anapigiwa, anasikia sauti ya mkewe kwenye spika, lakini ili amjibu inambidi aishike simu ile ile aliyotaka kuiacha.

Njia ya tatu ndiyo ya kubadili redio yote. Nafasi ya redio pana ya kawaida ni milimita 180 kwa 100, lakini Toyota nyingi za Japani zina upana wa milimita 200. Redio ya milimita 180 ikiwekwa humo huacha pengo pande zote mbili, na kuna vipande maalumu vya plastiki vya kuliziba. Fundi anayejaza karatasi za boksi hakukutendea haki.

Kubwa zaidi ni nyaya. Kwa kawaida katika redio mpya waya wa manjano unakwenda moja kwa moja kwenye betri ili redio isisahau kumbukumbu zake, mwekundu hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, na mweusi ni wa bodi. Fundi akiunganisha wa manjano na mwekundu pamoja, redio inaweza kubaki macho usiku kucha, na asubuhi ukawa unaomba majirani wakusukume. Fyuzi isirukwe. Waya ulio uchi ukigusa bodi bila fyuzi ni moto. Ziko soketi za kuunganishia redio mpya na nyaya za gari bila kukata soketi ya kiwandani, na inafaa kuzitafuta. Mwambie fundi afungue kwanza kichwa hasi cha betri, na asitie sindano ya taa yake ya kupimia katika nyaya za mifuko ya hewa, ambazo aghalabu soketi zake nazo ni za manjano. Na wenye malori wakumbuke kwamba mengi hutumia volti 24, wakati redio hizi kwa kawaida ni za volti 12.

Halafu maiki. Watu wanailalamikia redio kumbe kosa ni mahali ilipofungwa maiki. Ikifichwa ndani ya dashibodi itasikia injini. Ikikaa karibu na tundu la upepo itasikia upepo. Mahali pazuri ni juu, karibu na kizuia jua cha dereva, ikielekea mdomoni. Joto letu la Morogoro linatufanya tuendeshe madirisha yakiwa wazi, basi anayekupigia asipokusikia, si kosa la mtandao kila mara.

Ndugu wasikilizaji, kuna waya mmoja mwingine nautaja peke yake. Redio nyingi zenye kioo kikubwa zina waya unaotakiwa kuunganishwa na breki ya mkono. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba picha za video hazionekani gari likiwa katika mwendo. Hapa kwetu waya huo mara nyingi unaunganishwa na bodi tu, ili redio idhani breki imevutwa muda wote. Mteja ndiye anayeomba, anataka aone muziki wa Bongo Fleva akiwa njiani. Yaani mtu ametoa fedha kununua chombo cha kumwondolea simu mkononi, kisha papo hapo ametoa nyingine ili awekewe televisheni mbele ya macho. Waswahili walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika tatu.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kuna watu wanaosema kwamba mikono ikiwa juu ya usukani basi hatari imekwisha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha uchunguzi juu ya madereva 699 wenye simu waliopata ajali. Walilinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu walizopiga na kupokea. Waliona kwamba hatari ya kugongana wakati wa kutumia simu ilikuwa karibu mara 4 ya wakati wa kutoitumia. Tena hawakuona kwamba simu zisizoshikwa mkononi zilikuwa na nafuu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyo hivyo: hatari ni karibu mara 4, na kuzungumza bila kushika simu si salama zaidi kwa kiasi kikubwa.

Sababu yake si ngumu. Macho yanaweza kuangalia kitu bila akili kukiona. Dereva anayejibu hesabu za magunia anatazama barabara, lakini mawazo yake yako sokoni. Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde 5 limepita mita 110, zaidi ya kutoka goli hadi goli katika kiwanja cha mpira. Katika mita hizo anaweza kutokea mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Na kwa anayeelekea Iringa kupitia Hifadhi ya Mikumi, anaweza kutokea pundamilia au tembo.

Lakini sitaki kuwahubiria madereva kana kwamba wanazungumza na simu kwa kupenda. Chukua dereva wa gari la mizigo anayeshusha kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta. Anateremka Uluguru kwa kona hadi Mlali, anapita Mzumbe, anaingia barabara kuu, anafika Msamvu, na pengine ana kilomita 190 nyingine za kwenda Dar es Salaam. Mboga hazingoji. Mnunuzi anapiga kuuliza umefika wapi. Mkulima anapiga kuuliza bei. Tajiri mwenye gari anapiga kuuliza kwa nini bado. Simu moja isiyopokelewa inaweza kuwa mzigo uliopewa mtu mwingine. Ni rahisi mtu aliyekaa studio kumwambia dereva huyo azime simu. Si rahisi kwake.

Sasa tazama jambo hili. Utingo aliyeketi kando ya dereva naye huzungumza. Mbona hatumwogopi yeye? Kwa sababu utingo anaiona kona. Gari likifika penye bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine, utingo ananyamaza mwenyewe, tena atasema, "Kaka, angalia lori hilo." Aliyeko Kariakoo haioni kona. Yeye anaendelea na hesabu zake. Na mtandao ukikatika nyuma ya mlima, dereva anabaki akiita "halo, halo," akili yote ikiwa imekwenda kumtafuta mtu asiyesikika, wakati kona inayofuata inamngoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Redio mpya ni chombo kizuri, nami nawashauri wenye magari makuukuu waifunge, tena waifunge vizuri. Dereva anayeinamisha macho kuitafuta simu iliyoangukia chini ya kiti yuko hatarini kuliko anayebonyeza kitufe kimoja. Lakini matumizi yake yawe ya sentensi moja: "Niko barabarani, nitakupigia nikisimama." Sentensi hiyo inamtosheleza mnunuzi kwamba mzigo uko njiani. Bei, madeni na ugomvi wa nyumbani vingoje gari lisimame, pale Mlali, Msamvu au penginepo palipo salama.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwageukia ninyi msioendesha. Tumezoea kumwachia dereva na askari wa usalama barabarani lawama zote. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994. Uingereza ilikataza dereva kushika simu kuanzia tarehe 1 Desemba 2003, lakini ikaacha mazungumzo ya bila kushika. Askari anaweza kuiona simu iliyo sikioni. Hakuna askari anayeweza kuyaona mawazo yaliyokwenda Kariakoo. Anayeweza kuyarudisha barabarani ni yule aliyepiga simu.

Basi mama ukimpigia baba na akakwambia yuko kwenye usukani, kata simu. Usiseme "nisikilize kidogo tu." Tajiri, ukimpigia dereva wako mara 3 mfululizo, wewe nawe unaliendesha gari hilo, tena unaliendesha ukiwa umefumba macho. Mnunuzi, mwachie ujumbe na utingo wake. Na abiria wa basi, dereva akianza mazungumzo marefu, hata kama sauti inatoka kwenye spika na mikono iko usukanini, mwambieni kwa heshima akate. Nyinyi ndio mnaoiona kona pamoja naye.

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya kuliweka jambo hili moyoni. Barabara kuu za kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na Iringa zinaachana hapa hapa mjini kwetu. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, akitoka Dodoma, na chuo kikuu chetu kikapewa jina lake. Wakati huo hapakuwa na simu ndani ya magari yetu. Barabara ilikuwa na hatari za kutosha hata kabla hatujaiongezea hii.

Watu husema ajali haina kinga. Nyingine hazina kweli, lakini hii ya simu kinga yake tunayo, nayo haiuzwi dukani pamoja na redio. Ni dereva kusema sentensi moja, na aliyempigia kukata simu.