Hotuba ya Mjumbe wa Utamaduni Siku ya Wakimbizi: Ngoma na Binti Zetu



Kamati imenipa dakika kumi, nami nitazitumia kwa jambo moja tu. Leo ni tarehe 20 Juni. Tangu mwaka 2001 dunia nzima huiadhimisha siku hii kwa ajili ya wakimbizi, na kabla ya hapo ilikuwa siku yetu Waafrika, kwa kuwa tarehe 20 Juni 1974 ndipo Mkataba wa OAU juu ya wakimbizi ulipoanza kutumika. Hayo wengine watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimeitwa kwa sababu ya maneno yanayozunguka kambini tangu juma lililopita, kwamba leo saa kumi wasichana watapiga ngoma za Burundi hapa uwanjani. Maneno hayo ni ya kweli.

Mimi ni mpiga ngoma, na baba yangu alikuwa mpiga ngoma. Nyumbani hakuna aliyenikalisha akaniambia kwamba mwanamke hapigi ngoma. Niliona tu kwamba hapigi, nikakua nikijua hivyo.

Tulipovuka Ruzizi mwaka 2015 tulikuja na vijana wengi waliojua kazi hii. Mnajua yaliyofuata. Mmoja alikwenda machimbo ya dhahabu, mwingine Uvira, wengine Bukavu, wengine walirudi nyumbani. Tukabaki wanne. Na ngoma zetu huwa hesabu ya witiri, moja katikati, nyingine zimeizunguka nusu duara: amashako wanashika mdundo bila kukatika, na ibishikizo wanaifuata ile ya katikati, inkiranya, inavyowaongoza. Watu wanne hawawezi. Tulikuwa tunapiga ili watoto wasisahau, basi.

Siku moja jioni nilikuwa napita karibu na bomba la maji nikasikia inkiranya. Nilifurahi, nikadhani vijana wamerudi. Kufika pale nikakuta wasichana kwenye foleni ya maji, wamegeuza vidumu vya manjano, wanapiga kwa vijiti vya kuni, na anayeongoza ni binti yangu mwenyewe. Nilimnyang'anya vijiti nikavivunja mbele ya wenzake. Akaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Nikaanza kumweleza habari ya mila na heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapana, nauliza mdundo. Nimekosea wapi katika mdundo?"

Wazee wangu, alikuwa amekosea mahali pamoja tu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilianza kuhesabu majina ya ngoma yetu, yale tuliyofundishwa na baba zetu. Vile vijiti vinavyoshika ngozi tunaviita amabere, maziwa ya mama. Mwili wa ngoma ni inda, tumbo. Chini kuna umukondo, kitovu. Kuna urugori, taji ya mwanamke aliyezaa. Na ngoma yenyewe tunaingia nayo uwanjani tumeitwika kichwani. Sasa niambieni, katika kambi hii ni nani anayebeba mzigo kichwani kila asubuhi? Hata Karyenda, ngoma takatifu ya wafalme, ilikuwa na Mukakaryenda, mwanamke aliyehesabiwa kuwa mke wake. Hakuipiga, ni kweli, wala sitawadanganya kwamba zamani wanawake walipiga. Lakini sikuweza tena kusema kwamba ngoma haina habari na wanawake.

Jirani zetu Wanyarwanda nao walikuwa na mwiko huohuo. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya yale mauaji ya kimbari, mama mmoja mwandishi na mwigizaji, Odile Gakire Katese, alianzisha kule Butare kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Humo walikutana wajane, yatima, na wake za wanaume waliofungwa kwa kuua. Walikaa kwenye mstari mmoja wakapiga mdundo mmoja. Wanasafiri nchi za mbali, na sijasikia kwamba Rwanda imekosa mvua kwa sababu hiyo.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu katika urithi wa binadamu wote. Vikundi vichache vya wanawake vilikwisha kuanza. Kisha mwezi Oktoba 2017 ikatoka amri ya Rais: wanawake wasipige ngoma hizi, wabaki na michezo yao ya kike, vikundi viandikishwe, na wanaotaka ngoma kwenye sherehe zao walipe faranga 500,000 na kuomba ruhusa.

Hapa ndipo wazazi wanaponiuliza, nao wana haki ya kuuliza: siku tutakaporudi, binti aliyejulikana kwa kupiga ngoma atatazamwaje? Atapata mume? Hataitwa mkorofi? Sina jibu la kuwatuliza. Mimi pia ni baba, na hofu hiyo ninayo nyumbani kwangu. Ndiyo maana Kamati iliamua kwamba hakuna msichana atakayepiga bila mzazi wake kukubali kwa mdomo wake mbele ya mjumbe. Wasichana kumi na mmoja waliomba. Watano wamekubaliwa. Sita watakaa pembeni kupiga makofi, na naomba asiwepo wa kuwacheka wala wa kuwasukuma.

Saa kumi zitatoka ngoma saba. Mbili ni za mti wa umuvugangoma, tano ni mapipa tuliyoyawamba ngozi. Watapiga wasichana watano na wavulana wawili, na inkiranya ataishika binti yangu. Pale mahali alipokosea nimemfundisha.

Wazee wawili walinijia jana kwa heshima, wakanieleza kwamba ngoma zikianza wataondoka. Nimewawekea viti kando ya njia ili wasipate taabu ya kupita katikati ya watu. Viti hivyo ni vyao hata wakikaa.