Gari la Umeme la Kwanza Naitiri: Hesabu Kabla ya Spana



Nimeombwa nizungumzie namna ya kugeuza gari la zamani litumie umeme, kazi ikifanyika nyumbani. Wengi hutarajia mada kama hii ianze na mota. Mimi nitaanza na safari, kwa kuwa safari ndiyo inayoamua ukubwa wa betri, na betri ndiyo inayomeza fedha nyingi kuliko kifaa kingine chochote.

Mfano tunao hapa nchini Kenya. Kampuni ya Opibus, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za watalii na kuweka mota. Chaguo hilo lilikuwa la busara. Gari la mbugani hutembea polepole, njia zake zinajulikana, na jioni hurudi kulala kambini, mahali pa kuchajiwa. Hapa Naitiri gari la namna hiyo ni pikapu inayopeleka maziwa asubuhi, ikarudi na mbolea kutoka sokoni, kisha ikalala uani. Ile inayokwenda Nairobi kila mwisho wa mwezi ibaki na injini yake.

Tuchukue Peugeot 504 pikapu. Springi zake zimezoea kubeba mizigo mizito, na giaboksi yake inaweza kubaki. Fundi wa leithi atatengeneza bamba la kuunganisha mota na giaboksi hiyo. Hapo ustadi wa jua kali tunao tayari. Shafti ya mota na ya giaboksi lazima zilingane katikati barabara, la sivyo beringi zitakufa mapema.

Sasa hesabu. Seli moja ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 280 ina volti 3.2. Unganisha seli 32 kwa mfululizo, upate volti 102 na takriban kilowati-saa 28.7. Seli hizo pekee zina uzito wa kilo 170 na ushei, kabla ya sanduku na nyaya. Ukitumia asilimia 80 ili betri idumu, unabaki na kilowati-saa 23. Pikapu nzito kwenye murram, nakadiria, itakula kilowati-saa 25 kwa kila kilomita 100. Tope la mvua za Aprili litaongeza ulaji huo. Basi panga safari ya kilomita 70 kwa siku, kwenda na kurudi, na usizidishe.

Chaja ya kilowati tatu itarudisha kilowati-saa hizo 23 kwa saa nane au tisa, yaani usiku mmoja. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya stima ya magari: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo hudai mita ya peke yake, kwa hiyo ulizeni Kenya Power mapema. Na kwa kuwa stima hupotea, gari lichajiwe mara linaporudi, lisingojee betri iishe.

Nisikilizeni sana hapa, vijana. Betri ya gari ya volti 12 imetuzoesha kushika nyaya bila woga. Volti 102 za mkondo mnyoofu zinaua, na cheche yake haizimiki upesi. Swichi ya kawaida ya nyumba haiwezi kuukata mkondo huo. Pawe na fyuzi ya mkondo mnyoofu, kontakta, kifaa cha kusimamia kila seli, glavu za umeme na mtu wa pili karibu. Asiye na hivyo asifungue sanduku la betri.

Injini ikiondoka, mvuto wa hewa unaosaidia servo ya breki huondoka nayo. Pampu ndogo ya umeme inunuliwe pamoja na mota, na breki zijaribiwe gari likiwa na shehena. Kabla ya kukata chuma chochote, nendeni kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, mkaulize utaratibu wa ukaguzi na wa kubadili maelezo ya injini kwenye logibuku, kisha mwone kampuni ya bima.

Pendekezo langu kwa semina hii: mafundi wachange wanunue seti moja ya vifaa vya usalama na mita ya volti, viwekwe katika chuo cha ufundi kilicho karibu, na mwenye pikapu aandike kilomita zake kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kuagiza seli hata moja.