Maziwa ya Mama na Maili 268

Mbio za masafa marefu kupita kiasi, yaani zile zinazozidi kilomita 42 na mita 195 za marathoni, humdai mwanariadha ustahimilivu, na wakati mwingine kukesha, kuliko kasi. Januari 2019 Jasmin Paris, daktari wa mifugo wa Uingereza, alishinda Spine Race, mbio za maili 268 katika vilima vya Pennine kutoka Edale hadi Kirk Yetholm, akiwaacha nyuma wanaume wote na kuipunguza rekodi kwa zaidi ya saa 12. Alitumia saa 83 na dakika 12, na ndani ya muda huo huo, saa ikiendelea kuhesabu, aliketi vituoni akikamua maziwa, kwa kuwa binti yake wa miezi 14 alikuwa bado hajaachishwa ziwa, na maziwa yanayolala kifuani huweza kuleta uvimbe na homa.

Kwa Kenya mama kushinda mbio baada ya kujifungua si jambo geni, kwani Peres Jepchirchir alijifungua binti mwaka 2017, kisha akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki huko Sapporo mwaka 2021. Sifa wanazopewa akina mama hawa ni haki yao. Linalosahauliwa mno ni nani anayempokea mtoto mama anapotoka alfajiri kwenda mazoezini, kwa sababu pasipo mume, bibi au yaya wa kubaki naye, mapafu na misuli havitoshi, na wanawake wengi wenye kipaji huishia pale pale mlangoni, viatu mkononi.