Kikombe cha Dirishani: Fundisho Moja la Dini Nyingi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya hekalu mbele ya waumini na majirani, katika sherehe za maadhimisho, Mombasa

  

    

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Katika siku kama hii huwakumbuka waliotutangulia. Wako waliofika pwani hii kwa majahazi, wakisukumwa na upepo wa kaskazi kutoka Kachchh na Gujarat, wakafungua maduka madogo. Wako waliokuja kuanzia mwaka 1896 kuijenga reli. Zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 miongoni mwao walifariki kazini kabla reli haijalifikia Ziwa Viktoria mwaka 1901. Miongoni mwa hao wote walikuwamo Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Walikula mavumbi yaleyale na kuzikana au kuchomana kwa desturi zao mbalimbali, kila mmoja akimwombea mwenzake kwa lugha yake.

Tumeombwa tuseme juu ya fundisho linalopatikana katika dini zote, la kumtendea mwenzako mema. Kwa kuwa leo ni siku ya furaha, ingekuwa rahisi kusema maneno matamu kisha tukaketi. Tunawaomba radhi mapema, kwa maana tutasema pia jambo moja lenye uchungu kidogo, na uchungu huo tutauanzia nyumbani kwetu.

Wenyeji wa pwani hii hulifundisha jambo hili kwa maneno machache sana. Husema: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mwenye kurusha mkuki haumii. Anaweza hata kuusifu kwa ukali wake. Mgeuzie ncha kifuani, ndipo atakapoijua. Methali hii haituambii tuwe na huruma; inatuomba tu tubadilishane nafasi na anayechomwa, kisha tuseme kama bado tunaupenda mkuki.

Vitabu vya dini vinasema hayohayo. Katika Mahabharata, Brihaspati, mwalimu wa miungu, anamweleza mfalme Yudhishthira kwamba kiini cha dharma ni mtu kutomtendea mwingine lile ambalo yeye mwenyewe angelihisi kuwa ni dhara. Confucius, mwenye hekima wa China wa yapata miaka 2,500 iliyopita, aliulizwa na mwanafunzi wake kama kuna neno moja linalotosha kuongoza maisha yote; akajibu kwa neno lenye maana ya kuupima moyo wa mwenzako kwa moyo wako. Buddha aliwakumbusha wafuasi wake kwamba kila kiumbe huogopa fimbo, basi anayeishika na ajione yeye katika huyo anayetaka kumpiga. Wajaini, ambao hekalu lao ni miongoni mwa fahari za mji wetu, wameifikisha hadhari hiyo hata kwa mdudu aliye njiani.

Mwalimu Hillel, aliyeishi Yerusalemu zama za mfalme Herode, alifikiwa na mtu aliyetaka kufundishwa Torati yote kwa muda ambao mtu anaweza kusimama kwa mguu mmoja. Hillel hakukasirika. Alimwambia asimfanyie mwenzake lile analolichukia, kwamba hiyo ndiyo Torati yote, na yaliyobaki ni maelezo yake. Kisha akamtuma aende akajifunze. Bwana Yesu, katika mahubiri yake mlimani, aliwaagiza wasikilizaji wawatendee watu yale ambayo wangependa kutendewa. Na Mtume Muhammad (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik na ambayo Imam Nawawi aliiweka ya 13 katika mkusanyiko wake wa hadithi arubaini, alifundisha kwamba imani ya mtu haijatimia mpaka ampendelee ndugu yake lile analojipendelea mwenyewe.

Ukiyasikiliza vizuri mafundisho haya utaona yana njia mbili. Baadhi yanakataza: usimfanyie. Mengine yanaamrisha: mfanyie, mpendelee. Anayeshika njia ya kukataza peke yake anaweza kulala usingizi akijua hakumpiga mtu, hakumwibia mtu, wala hakumtukana mtu. Anaweza pia kuwa amefunga mlango wake kimyakimya, asidhuru wala asifae. Ndiyo maana njia zote mbili zinahitajiana.

Lakini kuna swali lililo gumu kuliko hilo. Watu wote wamekubaliana kwamba mwenzako umtendee mema. Hawajakubaliana mwenzako ni nani. Mwanasheria mmoja alimuuliza Yesu swali hilo waziwazi, naye akajibiwa kwa kisa cha mtu aliyejeruhiwa njiani, ambaye watu wa dini yake walimpita, akaja kuokolewa na Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa. Katika Torati, sura ya 19 ya Mambo ya Walawi inaamuru kwanza kumpenda jirani. Sura ileile, mistari michache mbele, inaamuru apendwe vivyo hivyo mgeni anayekaa nchini, kwa sababu Waisraeli wenyewe waliwahi kuwa wageni Misri. Wako wanazuoni wa Kiislamu walioeleza kwamba neno ndugu katika hadithi ile lina upana wa kuwaingiza wanadamu wote. Nayo Bhagavad Gita inamweka juu ya wengine yule aionaye furaha na huzuni ya kila kiumbe kana kwamba ni yake. Kila mara mwanadamu alipochora duara na kusema wenzangu ni hawa, walimu wakubwa walilisogeza mbele.

Sasa tuingie nyumbani kwetu.

Wengi wetu tulilelewa na yaya. Ndiye aliyetubeba mgongoni tulipokuwa na homa, na ndiye aliyetufundisha Kiswahili hiki tunachowahutubia nacho leo. Katika nyumba zetu nyingi kulikuwa na kikombe kimoja cha bati kilichokaa peke yake dirishani mwa jikoni. Hakikupangwa kabatini pamoja na vikombe vingine. Kilikuwa cha yaya. Jioni chai ya maziwa na tangawizi ilipomiminwa, sisi tulikunywa mezani, naye alikunywa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Na jambo la ajabu ni hili: vikombe vyetu vyote vilioshwa na mikono yake. Mikono ilikubaliwa; kikombe kikakataliwa.

Ipo siku mtoto huuliza. Mbona kikombe cha yaya hakikai na vyetu? Swali hilo liliulizwa na watoto wengi katika nyumba nyingi, nasi tulikuwa miongoni mwao. Mara nyingi jibu lilikuwa, ndivyo ilivyo, kunywa chai yako. Yaya mwenyewe alikuwapo, akisuuza vyombo. Alilisikia swali, na akasikia pia kwamba halikujibiwa.

Hakuna aliyempiga. Mshahara wake alilipwa mwisho wa mwezi, na alipougua alinunuliwa dawa. Kwa njia ile ya kukataza tulijiona tumetimiza wajibu. Hatukupata kujiuliza kama sisi tungekubali kuketi kizingitini na kunywea kikombe kile. Mkuki ulikuwa mkononi mwetu, hivyo hatukuujua uchungu wake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni desturi ya wazee, na desturi ni dini. Tunawajibu kwa heshima kwamba Brihaspati hakumtaja kikombe chochote mfalme Yudhishthira. Bahari tuliyoivuka ni pana, lakini haikutosha kuiosha desturi tuliyoivukisha nayo. Mwaka 1915, Mahatma Gandhi alipokuwa ndiyo kwanza ameanzisha ashram yake karibu na mji wa Ahmedabad, aliipokea familia moja ya watu waliohesabiwa kuwa najisi. Misaada ya fedha ikakatika. Kisimani, msimamizi wa maji akalalamika kwamba matone ya ndoo yao yangemtia unajisi. Gandhi aliwaagiza wenzake wavumilie matusi na waendelee kuteka maji. Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliifuta kabisa desturi ya kumhesabu binadamu kuwa najisi. Ikiwa kule ilikotoka imepigwa marufuku, sisi huku tunaihifadhi kwa ajili ya nani?

Nasi hatukukosa kuonja ncha ya mkuki. Mwezi Agosti mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baadhi yao waliletwa na treni hapahapa Mombasa ili wapande meli za kwenda India, wakiwa na mizigo michache na watoto wasioelewa kwa nini nchi waliyozaliwa imewakataa. Wako kati yetu wenye jamaa waliopita safari ile. Hatusemi kwamba kikombe cha bati na kufukuzwa nchini ni mambo ya uzito mmoja. Tunasema mbegu yake inafanana, nayo ni kuamua moyoni kwamba huyu, ingawa tunaishi naye, si mwenzetu. Torati iliwakumbusha Waisraeli Misri ili wasimwonee mgeni. Sisi tunayo Misri yetu ya kukumbuka, na kuikumbuka kwa ajili ya kulalamika tu ni kuipoteza bure.

Kwenu majirani zetu, ruhusuni tuwakumbushe methali nyingine, kwa utani wa watu wanaojuana. Husemwa: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ndiye sisi, na tumeisikia sokoni tangu utotoni, tukacheka pamoja na waliocheka. Huenda nusu ya kwanza tuliistahili, maana mtu anayekuuzia unga na asikukaribishe ndani ni vigumu kumwita mwema. Lakini tunawaomba nanyi mjiulize jambo moja. Anayetafutwa kwa ajili ya kiatu chake tu, je, amepata jirani? Tunapenda tufike siku ambayo mtatuita kwa majina yetu, kama sisi tunavyotakiwa kuwaita kwa yenu, na kiatu kibaki kuwa kiatu.

Mfano wa kuufuata hauko mbali. Aliyewahi kusafiri kwa barabara ya Nairobi anaijua Makindu. Gurdwara ya pale ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi katika reli, na mpaka leo msafiri yeyote akifika hupewa chakula bila malipo na bila kuulizwa dini yake. Ni mafundisho ya Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, kwamba watu wa kila tabaka waketi safu moja na wale chakula kimoja. Dereva wa lori na mwenye kampuni hupakuliwa dengu na chapati kutoka jiko lilelile. Hakuna dirisha la kuwekea kikombe cha mtu mmoja. Hapo hotuba yetu yote imeshafupishwa, tena na wapishi.

Basi kamati imeamua mambo matatu, na tunayatangaza mbele ya majirani ili mpate kutuuliza baadaye.

La kwanza, chakula cha sherehe hizi kitaliwa na wote katika safu moja na kwa sahani za aina moja. Mlinzi wa lango letu, wafagiaji wa ua, mafundi waliopaka rangi kuta hizi na madereva waliowaleta wageni wataketi tunapoketi, na wanakamati ndio watakaopakua. Hilo halitaishia leo. Litakuwa desturi ya kila sikukuu hapa hekaluni.

La pili halina msimamizi ila dhamiri. Kila mmoja wetu arudi nyumbani leo, aingie jikoni, na atazame dirishani. Wengi watakuta kikombe cha bati hakipo tena, na tunamshukuru Mungu. Waangalie pia kama hakikubadilishwa tu kikawa cha plastiki.

La tatu ni gumu kuliko yote. Baadhi ya waliotulea wangali hai, huko Kilifi, Kwale, Taita na kwingineko. Ni wazee sasa. Tuwatafute tungali na wakati. Tukiwafikia tuwaamkie shikamoo kama tunavyowaamkia mama zetu, na tuwaombe radhi kwa maneno yanayosikika, si kwa zawadi tu. Wakitukaribisha chai, tuinywe katika kikombe chochote watakachotupa. Na jioni wakija kwetu, tuioshe ile seti yote katika beseni moja, kisha tuipange kabatini, na mtoto akiuliza kikombe cha bibi ni kipi, asijue hata mmoja wetu.

Karibuni safuni.

Om shanti, shanti, shanti.