Tia Mkono Ndani ya Gunia



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Amepokea Imamu Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka sokoni. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono ndani, vidole vikagusa umajimaji, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha.

Wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wanaijua hekima hiyo. Mnunuzi hatosheki na mdomo wa gunia. Hutia mkono hadi chini kutafuta mchanga na unyevu. Lakini mtu huyo huyo, na mwalimu, na mhasibu, wakiletewa habari ya fedha zizaazo bila ya kazi, huridhika na kilichoko juu.

Mfano tunao. Wanachama wa DECI walitoa fedha zilizoitwa "mbegu", wakingojea kuvuna. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Waliopoteza mali hawakuwa wajinga. Wa mwanzo walilipwa kweli, na jirani akaziona fedha kwa macho yake. Macho hayakumdanganya, ila hakuuliza zimetoka wapi. Zilitoka kwa walioingia nyuma. Basi hata aliyevuna alikula, pasi na kujua, mali ya mwenziwe.

Akili haitoshi kumkinga mtu na jambo analolitamani. Mara nyingi humtafutia hoja za kulitetea. Tena aliyemletea habari ni shemeji au rafiki, naye huona haya kumhoji. Hata sisi wa mimbarini tunakiri: pengine tumenyamaza kwa kuwa mwenye kuuleta mchezo huo ni mtu wa safu ya mbele.

Ndugu zetu, katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na walioamrishwa ni waumini wenyewe. Basi kuuliza si kumtuhumu mtu. Kabla ya kutoa karo ya watoto, tuulize: ni biashara gani? Faida yatoka wapi? Nani ameipa leseni? Asiyeweza kujibu, tusimpe amana yetu.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na atukinge na tamaa. Amin.