Bastola Chini ya Shati



Juzi nilikuwa nimeketi kwa mama wa chai karibu na soko la Custom, hapa Juba. Viti vya plastiki, birika juu ya makaa, harufu ya tangawizi. Tulikuwa watu sita au saba tukibishana kuhusu mpira. Akaja kijana ambaye simkadirii zaidi ya miaka ishirini na miwili, viatu safi, shati limechomolewa nje ya suruali. Alipokuwa anaketi shati likapanda, tukauona mpini wa bastola kiunoni. Akalishusha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi.

Hakumtisha mtu. Aliagiza chai yake, akatia sukari, akatoa simu. Lakini mazungumzo yalikufa palepale. Mzee mmoja aliyekuwa akipaza sauti kuliko sisi wote alimalizia chai ingali ya moto, akalipa, akajiondokea. Mama wa chai akamwita binti yake aliyekuwa akichezea kizibo cha chupa karibu na miguu ya yule kijana, akamkalisha nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyemwuliza kijana lolote. Hata mimi sikumwuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama kijana wa umri ule amekomaa kiasi cha kutembea na silaha aliyoificha. Jibu langu ni hapana. Naomba unipe dakika chache nikueleze kwa nini, maana hoja yangu haiishii kwenye umri.

Umri tuuseme kwanza, kwa kuwa baadhi ya wenzetu wa Afrika Mashariki wameshauamua. Tanzania haimpi raia leseni ya silaha kabla hajafika miaka 25. Uganda nayo iliweka 25 katika sheria yake ya mwaka 1970. Marekani, wenye bunduki nyingi kuliko taifa lolote, bado wanavutana. Jimbo la Texas liliruhusu mwaka 2021 watu wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila kibali, na mwaka uliofuata jaji mmoja wa Fort Worth akasema hata wa miaka 18 wasizuiwe. Sisi Sudan Kusini tunayo Sheria ya Silaha ya mwaka 2016. Ipo kwenye karatasi, na kijana wa Custom yupo kwenye kiti chake.

Sasa tazama sisi ni taifa la namna gani. Sensa ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba watu 72 katika kila 100 wa nchi hii walikuwa chini ya miaka 30. Tunapouliza kama vijana wabebe silaha, tunauliza kuhusu karibu kila anayepanda pikipiki ya senke, kila anayesukuma mkokoteni soko la Konyo Konyo, kila anayekaa darasani.

Wengi wao hawakungoja tuwaulize. Mwaka 2015 kule Pibor, kundi la Cobra liliwaachia watoto zaidi ya 1,700 waliokuwa wapiganaji wake. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 11 na 17. Wakavua sare, wakapewa nguo za kiraia na kurudishwa kwa jamaa zao. Hesabu miaka iliyopita tangu hapo: watoto wale ndio vijana wa leo, wa miaka ishirini na kitu. Kijana kama huyo anaweza kufungua bunduki na kuifunga gizani. Ukipima ukomavu kwa kuijua silaha, atawashinda maofisa wengi. Lakini nani alimfundisha kutukanwa na kunyamaza? Nani alimfundisha kukataliwa na msichana, kudaiwa mbele ya watu, kusukumwa kwenye foleni, halafu akalala usiku na kuamka akiwa amesahau? Elimu hiyo haitolewi kambini. Hutolewa nyumbani, polepole, na wazee wanaokutazama.

Wazee wetu walilijua hili. Kwa Wanuer, aliyemuua mtu hakuruhusiwa kula wala kunywa mpaka aende kwa kuhani wa ardhi, kuaar muon, achanjwe mkono damu itoke. Ndipo mazungumzo ya fidia ya ng'ombe yakaanza. Jambo lile liliwezekana kwa sababu mkuki una mwenyewe. Aliyeurusha alijulikana, na yeye mwenyewe alijijua. Risasi ilipoingia, utaratibu ukayumba, kwa sababu katika mapigano ya bunduki muuaji hajui kama risasi yake ndiyo iliyoua. Mimi si mtu wa kutamani enzi za mikuki. Mikuki nayo iliua. Ninachosema ni kwamba aliyebeba mkuki aliubeba begani, mchana, mbele ya baba yake, wajomba zake na majirani. Kijiji kizima kilimwona, na mtu hukomaa machoni pa watu.

Bastola chini ya shati inamtoa kijana machoni pa watu. Baba hajui, au anajifanya hajui. Chifu hawezi kumwita. Rafiki anayejua anaogopa kusema. Wewe na mimi, tusiojua nani anayo na nani hana, tunaanza kumwogopa kila kijana, hata yule mwanafunzi asiye na chochote mfukoni ila kalamu.

Najua yupo anayenisikiliza sasa hivi akiwa amekasirika. Ni mwendesha senke aliyeporwa pikipiki usiku barabara ya Gudele, ikiwa mali yake yote duniani. Ananiambia: wewe uko studio, mimi niko gizani, nikipiga simu polisi haji mtu. Ndugu yangu, sikubishii kuhusu polisi. Askari ambaye amekaa miezi bila mshahara hakulindi vizuri, na serikali ndiyo inayopaswa kulijibu hilo. Lakini fikiria usiku uleule, wewe una bastola na mporaji anayo. Yeye tayari ameishika mkononi. Ya kwako iko chini ya shati, na mikono yako iko kwenye usukani. Utakachompa ni pikipiki na bastola.

Hata hivyo sitaki tuwavamie vijana na kuwapokonya kwa nguvu. Mwezi Agosti 2020 huko Romich, Tonj Mashariki, ugomvi wa sokoni kati ya vijana na askari waliokuwa wakikusanya silaha uligeuka vita. Umoja wa Mataifa ulisema waliokufa hawakupungua 70. Ukimpokonya kijana wa kijiji kimoja na kumwachia jirani yake, umemwandalia kaburi, naye analijua hilo.

Basi kwa hapa Juba tuanzie pengine. Bastola haiuzwi Konyo Konyo pamoja na nyanya. Naamini nyuma ya bastola nyingi zilizoko viunoni mwa vijana wa mji huu yuko mtu mzima: mjomba mwenye cheo, baba mwenye walinzi, mkubwa fulani aliyesema chukua hii, mji umeharibika. Kila silaha ya serikali inapaswa kuwa na namba, na kila namba iwe imetiwa saini na mtu. Serikali ina uwezo wa kuagiza namba hizo zihakikiwe, ghala kwa ghala, na aliyetia saini aseme silaha iko wapi. Na leseni ya raia isitolewe kwa mtu yeyote chini ya miaka 25, kama Tanzania na Uganda, awe mtoto wa mchungaji au wa jenerali.

Nawe mzazi unayenisikia, mwenye kijana anayerudi usiku na kulala na shati lake: kesho asubuhi, kabla hajatoka, mketishe umwulize amebeba nini, na alipewa na nani. Ukishalijua jina hilo, nenda kwa mwenye jina ukamrudishie kitu chake.